Buti za mume wangu zilihudhuria harusi zote za Ujiji, kazini hazikufika

Wakuu, habari za humu.

Wengi wenu ni umri wa wanangu na wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea, msihangaike kuziandika.

Nimesoma ule uzi wa kijana anayeuliza sefti buti gani zinadumu na haziumizi mguu. Mmemjibu vizuri. Mmoja ngozi, mwingine soli, mwingine kamba. Kisha akaja mkuu mmoja akasema yeye anazo nzuri kabisa, huu mwaka wa pili, ziko kwenye boksi lake na kazini anaendea raba "ili zisichakae".

Mkamsifu. Mkamwita mtunzaji.

Nikazima simu nikaenda kupepeta mchele. Mchele ukaisha, hasira haijaisha. Ndiyo maana naandika.

Ninayoeleza hapa niliyatenda kwa mikono yangu hii. Chumvi ya Uvinza ibaki Uvinza, mimi siongezi hata punje. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, basi. Herufi zikipinda mtazinyoosha wenyewe.

Mume wangu alikuwa mchukuzi bandarini Kigoma. Tulimwita Baba Zuhura, maana Zuhura ndiye mtoto wetu wa kwanza. Tulikaa Ujiji, na ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, ujamaa umeshatangazwa na watu wameanza kupelekwa vijijini.

Kazi yake ilikuwa kubeba. Kutoka behewani kwenda melini, kutoka melini kwenda behewani. Magunia ya kahawa, magunia ya chumvi, mabati, mapipa ya mafuta. Wachukuzi wote walivaa katambuga, zile ndala za tairi la gari. Kidole kiko nje kinatazama mzigo.

Siku moja wakaletewa buti.

Jozi moja kwa kila mchukuzi. Ngozi nyeusi nene, soli kama ubao, na mbele, chini ya ngozi, kuna chuma kinachofunika vidole. Kila mtu aliweka dole gumba kwenye daftari. Karani akawasomea sharti: buti zivaliwe kazini. Atakayeumia akiwa amezivaa atapewa kazi nyepesi, akae getini au ahesabu magunia mpaka uzee wake. Atakayeumia bila buti amejiumiza mwenyewe, aende kwao.

Na "kwao" wakati ule tulijua maana yake. Asiye na kazi mjini anapandishwa lori, anakwenda kijijini kulima.

Baba Zuhura alinieleza sharti hilo jioni ile ile, neno kwa neno. Nataka mjue kwamba nililijua. Msije mkasema bibi wa watu hakuambiwa.

Alizivaa siku mbili. Zikamtoa malengelenge kisigino hiki na kile. Siku ya pili amerudi kazishika mkononi, anatembea kama mtu aliyekanyaga makaa.

Nikamwambia, "Ziache. Ngozi bado mbichi hii, ngoja nizilainishe."

Kwetu kitu kikiwa kigumu kinapakwa mawese. Mlango ukilia, mawese. Mtoto akipauka, mawese. Ngoma ikikauka, mawese. Nikazipaka buti mawese, nikazifunga kwenye kanga kuukuu, nikazitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Kila Alhamisi nazishusha, napaka, nasugua, natundika.

Zikang'aa, wakuu. Nyeusi yenye wekundu ndani yake. Ukipita mlangoni unaona zinakutazama.

Na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza.

Mkumbuke kiatu kilikuwa kitu gani siku zile. Duka la ushirika likipata viatu unapanga foleni toka alfajiri, ukifika mbele vimebaki vya mguu mmoja. Sasa kijana wa jirani anaoa, hana kiatu. Mama yake akaja. "Mama Zuhura, mwanangu asiende kwa wakwe na katambuga, utakuwa umeniaibisha mimi na wewe."

Nikampa.

Kijana akapendeza. Wiki tatu baadaye akaja mwingine. Kisha mwingine kutoka Kibirizi, mvuvi, mguu mpana kama kasia, akazilazimisha hivyo hivyo na siku nzima alichechemea huku anacheka. Mwingine mguu mdogo, akajaza matambara. Ikawa desturi ya mtaa. Bwana harusi asiyevaa buti za Baba Zuhura alionekana hakuandaliwa.

Wanawake wakazitungia maneno. Wakifika mlangoni kwa bibi harusi wanaimba, "Mtazame miguu kwanza, uso utauzoea!"

Na mimi? Mimi nikaitwa Mama Buti. Harusini nilikalishwa mkeka wa mbele pamoja na mashangazi. Sahani ya pilau yenye nyama ya mfupa ilikuwa yangu. Mimi, mke wa mchukuzi. Mwanamke ambaye zamani hata kwenye foleni ya maji walinipita.

Hiyo sahani ya pilau niliipenda. Siwafichi.

Baba Zuhura aliendelea kwenda bandarini na katambuga. Wenzake baada ya mwezi wakawa wamezizoea buti zao, malengelenge yamekuwa sugu. Yeye bado. Msimamizi akija kukagua, wenzake wanamweka nyuma ya magunia miguu isionekane.

Mara moja moja aliniuliza. Hakuwa mtu wa kelele.

"Mama Zuhura, zile buti bado hazijalainika?"

"Zimelainika."

"Basi nizivae."

"Uzivae ukazichubue na magunia? Na mtoto wa Bi Mwajuma anaoa mwezi ujao?"

Anacheka, anachukua katambuga zake, anakwenda.

Tukafika Ijumaa moja. Mdogo wangu wa tumbo moja, Issa, alikuwa anaoa Buzebazeba. Hiyo haikuwa harusi ya jirani, ilikuwa harusi yangu. Tangu alfajiri niko uani natwanga sombe, yaani kisamvu, sufuria tatu za kupeleka kwa wakwe. Buti nimeshazishusha, nimezipaka, ziko juu ya kiti zinamngoja Issa.

Baba Zuhura akatoka ndani akasimama mbele ya kile kiti.

"Leo meli imeleta mapipa," akasema. "Mapipa siyapendi. Nipe buti, leo tu."

"Leo ndiyo siku ya Issa."

"Najua. Nitamletea kabla ya swala, nitazifuta."

"Zitakuwa na mafuta ya dizeli! Mdogo wangu anuke dizeli mbele ya wakwe?"

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kiti.

Nikasimama kati yake na kiti, mchi mkononi. Nilikuwa natania, lakini sikusogea. Naye alijua kwamba sisogei.

Akacheka. "Haya, Mama Buti." Akavaa katambuga akaenda.

Saa nne Issa akaja kuzichukua. Saa tano na nusu akaja mchukuzi mwenzake mume wangu, anaitwa Kasongo, anakimbia, jasho limelowesha shati. Pipa limeteleza kwenye ubao wa kushushia. Limemwangukia Baba Zuhura mguu wa kulia.

Nilimkuta hospitali. Vidole vinne vimekwenda. Kile kidogo cha mwisho kilibaki peke yake kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Kasongo akanivuta nje, akanong'ona.

"Shemeji, sikiliza vizuri. Katambuga yake tumeitupa ziwani. Msimamizi alipokuja tumemwambia alikuwa na buti, na wewe umezipeleka nyumbani. Amesema kesho asubuhi ulete azione. Akiziona, Baba Zuhura anakaa getini, maisha yanaendelea."

Nikasema nitaleta.

"Shemeji, hujanielewa. Pipa limemwangukia juu ya mguu. Buti haiwezi kuja nzima."

Hapo nikaelewa.

Nikatoka hospitali mpaka Buzebazeba, kwa miguu, na jua lile. Nikawakuta nje, wametoka msikitini. Mpiga picha ameweka kamera yake yenye miguu mitatu, ameshamsimamisha Issa kando ya mkungu wa ndizi, kanzu nyeupe, buti zinang'aa.

"Issa, vua buti."

"Dada umechelewa! Njoo usimame hapa, picha kwanza."

"Vua."

Mama wa bibi harusi akashika kiuno. "Ni wifi wa namna gani huyu? Anamvua bwana harusi uani kwetu! Hizo buti zina deni?"

"Mwacheni," mwingine akasema, "ndiye Mama Buti, leo amezionea wivu."

Wakacheka. Mimi nikamsogelea Issa sikioni nikamwambia mguu wa shemeji yako umepondeka. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na kanzu yake mpya, akazivua mwenyewe. Alizivuta kamba kwa pupa mpaka zikafanya fundo, nikazikata kwa meno.

Picha ilipigwa hivyo hivyo baadaye. Iko kwa wanawe mpaka leo. Issa kavaa kanzu na soksi, na uso wa mtu aliyeibiwa.

Nikarudi nyumbani. Nikaiweka buti ya kulia juu ya jiwe la kusagia, nikachukua mchi.

Nikapiga.

Mchi ukateleza. Mawese yale, wakuu, miezi na miezi ya mawese. Nikaifuta kwa majivu nikapiga tena. Nikasimama wima, nikainua mchi juu kama natwanga mhogo mkavu, nikashusha kwa nguvu zangu zote. Buti ikaruka ikaanguka kule. Nikaifuata nikaitazama.

Ngozi imechubuka kidogo. Chuma hakijabonyea hata kidogo.

Nikaleta jiwe. Jiwe likapasuka pembeni. Nikaleta shoka, nikageuza nyuma yake, nikapiga mpaka viganja vikafa ganzi. Majirani walitazama juu ya ua wakadhani nimerukwa na akili kwa uchungu. Nilipochoka nikaingiza mkono ndani ya buti, pale vidole vinapokaa. Nikapapasa.

Palikuwa wazi. Laini kama ndani ya kibuyu. Vidole vyangu vinne vilikaa humo vyote, na nafasi ikabaki.

Nikakaa chini na mkono wangu ukiwa ndani ya buti. Nilikaa hapo mpaka Zuhura akaja kuniuliza kama leo hatupiki.

Asubuhi nikazipeleka, hivyo hivyo na mchubuko wake.

Msimamizi alikuwa kijana mgeni, ameletwa kutoka mkoa wa mbali, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Hakuwa mtu mbaya. Mngependa niwaambie alikuwa mbaya, lakini alinipa kiti, akaniita Mama, akaniuliza mgonjwa ameamkaje.

Akaichukua buti ya kulia. Akaitazama soli, haina hata kokoto. Akainusa. Kisha akachukua kalamu, akachokoa kwenye mshono wa mbele. Kikatoka kitu cha kijani.

"Mama, hiki nini?"

Niliosha buti, nilifuta buti. Mchi sikuuosha. Ulikuwa na sombe ya harusi.

"Sombe," nikasema.

Akaiweka kalamu mezani. Kasongo alikuwa amesimama mlangoni, namwona anatazama sakafu.

"Sikiliza, Mama. Mimi lazima niandike jambo moja kati ya mawili. Nikiandika mumeo alikuwa amevaa, basi na hii buti lazima niandike ni mbovu, maana mguu umepondeka ndani yake. Nikiandika ni nzima, basi hakuivaa. Mimi naandika utakachosema wewe. Buti hizi ni mbovu?"

Alikuwa ananifungulia mlango, wakuu. Nimeufikiria mlango huo miaka yote. Neno moja tu. Mbovu. Hakuna ambaye angekwenda kuichanja.

Lakini mikono yangu ilikuwa bado inauma. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe kwa mchi, kwa jiwe, kwa shoka.

"Si mbovu," nikasema.

Kasongo akatoka nje. Hakuniambia neno tangu siku hiyo, mpaka tulipohama.

Msimamizi akaandika. Akazisukuma buti upande wangu juu ya meza. "Zichukue. Ziko kwa jina lake."

Nilipokwenda hospitali kumweleza mume wangu, nilisema yote. Kiti, mchi, sombe, nilichojibu. Alisikiliza mpaka mwisho, anatazama dari. Nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Akauliza, "Issa alipendeza?"

Nikamwambia alipendeza.

"Haya," akasema.

Mvua zilipokaribia tukapandishwa lori na vyombo vyetu. Tulipelekwa kijijini, huko juu mbali na ziwa, kwenye ekari za nyasi ambazo hazijawahi kuona jembe. Mtu wa vidole sita akaambiwa alime.

Sikuzitundika tena. Siku ya kwanza ya shamba nilimvisha mwenyewe, buti zote mbili. Ya kulia nilijaza sufi mbele, pale vidole vilipopaswa kuwa. Mwezi wa kwanza zilimtoa malengelenge yale yale ya mwanzo. Safari hii hakuna aliyesema ziache. Mwezi wa pili kisigino kikapata sugu. Mwezi wa tatu hivi, jioni, amekaa kizingitini anafungua kamba, akaikunja buti ya kushoto huku na huku mkononi.

"Mama Zuhura," akasema, "kumbe buti hizi ni laini."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema maji ni matamu. Mimi niliingia jikoni nikajifanya ni moshi unaonitoa machozi.

Mnaotaka habari za kudumu, hizi hapa. Alilima nazo miaka kumi na moja. Soli ziliisha mara mbili, akazitia tairi la katambuga akashona mwenyewe. Uzi wa mwanzo ulioza mapema kwa sababu ya mawese yangu, kwa hiyo msipake mawese wala mafuta yoyote ya kupikia, yanaozesha mshono na yanaita panya. Chuma hakikupata hata kutu. Ndoa ya Issa ilidumu miaka minne.

Baba Zuhura alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa maradhi ya kawaida ya uzee. Buti ya kushoto imechakaa, imechukua umbo la mguu wake mpaka ukiitazama unamwona anavyotembea. Ya kulia mbele bado mpya kabisa. Hakuna kidole kilichowahi kuisukuma.

Nikirudi kwako, wewe mkuu wa boksi.

Hakuna buti inayokuja laini kutoka dukani. Anayekuambia hivyo anauza. Nunua yenye nafasi ya soksi nene, vaa nyumbani siku kadhaa, vumilia lengelenge, usimwazime mtu, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Ulainifu umo ndani ya kuvaa. Ukiitunza sana utakuwa na buti nzuri ya kumwonyesha msimamizi.

Na ninyi wake zao mnaosoma kimya kimya, mnaosema "hizo za kutokea": mimi nilikula pilau ya mkeka wa mbele. Nimewaambia ilikuwa na nyama. Sijawaambia ladha yake ilivyo sasa.

Haya, semeni na ninyi. Anayejua buti zilizomfaa aeleze, na aliyezitundika ukutani aeleze pia. Mkitaka kunilaumu laumuni, nafasi iko, mimi nilimsubiri mtu anilaumu na hakukubali.

Ila wewe wa boksi usinijibu kwanza. Nenda kazitoe.